Shati jeupe la watu wasiooga

Mwanangu,

Huku hatujambo, bibi yako anakusalimu. Nilicheka peke yangu jikoni kwa yale uliyoniambia kwenye simu, kwamba mmefundishwa kuwa Wazungu wa zama za Renaisansi, yaani Ulaya ya miaka kama mia tano iliyopita, walikuwa hawaogi. Ni kweli, ila nusu. Na kwa kuwa nimekulea kwa kufua nguo za watu, hiyo nusu nyingine naijua pengine kuliko mwalimu wako.

Maji hawakuyakimbia kwa uvivu, waliyaogopa. Tauni ilikuwa haiishi kurudi, na madaktari wao waliamini inaletwa na hewa chafu. Maji ya moto, walisema, yanafungua vinyweleo na hewa hiyo inapenya mwilini. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, mwaka 1568 alitaka nyumba za kuogea zipigwe marufuku wakati wa tauni. Kaswende nayo ilikuwa imelipuka Naples, Italia, mwaka 1495, na nyingi ya nyumba hizo zilijulikana kwa ukahaba. Hispania kulikuwa na jingine, nalo liliniuma: amri ya Mfalme Felipe II ya mwaka 1567 iliwakataza Wamorisko wa Granada, wazao wa Waislamu waliobatizwa kwa nguvu, kutumia hamamu zao. Kuoga tu kukawa ushahidi wa dini ya siri.

Basi usafi wao ulikuwa wapi? Kwenye shati la kitani, lile la ndani linalogusa ngozi. Waliamini kitani kinanyonya jasho na uchafu, kwa hiyo mwenye uwezo alibadilisha shati, akahesabiwa msafi. Uso na mikono walinawa, hasa kabla ya kula, maana walikula kwa vidole kama sisi. Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi, kwenye kitabu chake cha adabu za watoto cha mwaka 1530, alimkanya mtoto asifute kamasi kwa mkono wa nguo. (Nilikukumbuka ukiwa darasa la pili.)

Lakini weupe ule haukujileta. Kuna mwanamke aliyezipanga nguo kwenye pipa, akazifunika kitambaa, akaweka jivu la kuni juu yake, akamimina maji ya moto yachuje hadi chini. Maji yale ya jivu akayakinga, akayapasha, akayamimina tena, na tena. Kisha mtoni: kupiga kwa ubao, kusuuza, kukamua, kuanika majanini jua lizing'arishe. Mikono yake jioni ilikuwaje, usiniulize. Mimi sabuni ya unga tu inanichubua. Kwenye picha zile za mabwana wenye kola nyeupe pe, yeye hayumo.

Muulize mwalimu, kwa adabu lakini, nani alikuwa akifua.

Nimempa kondakta wa basi mfuko wako. Una mashati mawili na mche wa sabuni. Sabuni si ya mashati peke yake.

Mama yako