Barua kwa mwanangu anayetaka baiskeli ya saa

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleykum. Huku wazima, ila mama yako goti bado linamsumbua, na yule paka wako kazaa tena juu ya magunia ya korosho. Ujumbe wako wa kuomba milioni saba za kununulia baiskeli ya saa, ile ya mbio ambazo kila mmoja anaondoka peke yake kushindana na saa, nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani umekosea sifuri.

Picha nimeiona, na usidhani baba yako ameganda kwenye baiskeli za Phoenix. Si tulikaa wote sebuleni Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofika Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika? Tukamtazama yule Mbelgiji, Remco Evenepoel, akikimbizana na saa kilomita 40.6, mpaka akamkuta njiani Tadej Pogačar aliyemtangulia kuondoka kwa dakika mbili na nusu. Wewe ulikuwa unaruka juu ya kochi. Mimi nilikuwa naangalia viwiko vya Remco.

Viwiko vile navijua. Kabla sijafungua kibanda cha ufundi nilichuuza samaki kwa baiskeli, unalijua hilo, ila sijakusimulia vizuri. Tenga nyuma kwenye keria, alfajiri natoka hapa pwani kupandisha Nanyamba. Wewe unakimbizana na saa, mimi nilikimbizana na jua, maana samaki hangoji. Siku nyingine nilipeleka mzigo Mnazi Mmoja ya kule Lindi, na kurudi huku mwezi wa saba upepo wa kusi unakukaa usoni njia nzima. Ukikaa wima unasukuma ukuta. Hapo nilikuwa nalaza mikono juu ya usukani, kidevu karibu na kengele, viwiko nimevibana kama kuku aliyenyeshewa. Hakuna aliyenifundisha. Uliponieleza kwamba ukitaka kuongeza mwendo mara mbili upepo unakudai nguvu mara nane, nilicheka, kwa sababu mapaja yangu yalishapiga hesabu hiyo miaka mingi iliyopita.

Basi tuanzie hapo. Katika ule upinzani wa upepo, karibu robo tatu ni mwili wako mwenyewe: kifua, mabega, kichwa. Baiskeli ina sehemu ndogo. Wewe unataka kutoa milioni saba kwenye ile sehemu ndogo wakati kubwa bado hujaigusa. Nimezitazama picha zako za mashindano. Mabega yamefunguka kama mlango wa ghala, na fulana inapepea.

Nikukumbushe Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ya 1989. Siku ya mwisho, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, Mmarekani Greg LeMond yuko nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50. LeMond alifunga pembe za kulalia viwiko mbele ya usukani na akavaa kofia iliyochongoka. Fignon magurudumu yake yote mawili yalikuwa yamezibwa kama sinia, ufundi wa gharama, lakini kichwa kilikuwa wazi na nywele za kufunga mkia zinapepea. Akapoteza mashindano yote kwa sekunde nane. Ni kweli pia alikuwa na jipu mahali pa kukalia, masikini, kwa hiyo sitasema ni nywele peke yake.

Pembe zile sasa zinauzwa za kufunga kwa bolti kwenye usukani wa kawaida. Ukizifunga, siti isogeze mbele kidogo, la sivyo nyonga zitajikunja na kiuno kitakulaumu. Hiyo, na suti ya kubana, na kofia nzuri. Jumla yake haifiki hata robo ya ile hela.

Sasa nizungumze kama fundi. Uliponiambia ni ya mtumba moyo ulinidunda. Fremu ya chuma ikiumia inapinda, unaiona, unaipeleka kwa mchomeleaji. Kaboni, kama ya hiyo unayoitaka, inakaa kimya. Inaweza kuwa na ufa ndani na rangi nje inang'aa, mpaka siku unayoisimamia kwenye mlima. Kama utakwenda kuiangalia, nenda na sarafu, igonge polepole kuanzia kichwani hadi kwenye krenki. Pakiwa pazima panalia kwa ukali, pakiwa na ufa sauti inafifia kama unagonga kadibodi. Na uitazame nguzo ya siti. Si ya duara, imebanwa kama ubao, imetengenezwa kwa fremu hiyo tu. Breki zimefichwa, nyaya zinapita ndani ya usukani. Kikivunjika kipande kimoja, si mimi wala fundi yeyote wa hapo Arusha atakayekichonga. Utaagiza ng'ambo, na baiskeli itaning'inia ukutani ikisubiri. Halafu saizi. Baiskeli ya kawaida ikikuzidi kidogo unavumilia. Ile unalala juu yake saa nzima, ikikuzidi sentimita mbili shingo itakwambia.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi kuliko hela. Mikono ikiwa kwenye zile pembe, breki ziko mbali, pembeni. Utafanyia wapi mazoezi ukija likizo? Barabara ya Lindi ina malori ya saruji ya pale Msijute, ina malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini, ina matuta kila kijiji, na mbuzi wa watu wasiojua mashindano ni nini. Na upepo wa ubavuni! Mimi tenga lilinigeuka tanga. Karibu na Nanguruwe kusi lilinipiga kutoka kushoto, nikajikuta mtaroni na samaki wametapakaa kwenye mchanga, watoto wananisaidia kuokota huku wanahesabu na wa kwao. Gurudumu lililozibwa ni tenga lilelile. Chris Froome, aliyeshinda Tour mara nne, Juni 2019 alikuwa anakagua njia ya mbio za saa kule Ufaransa. Akatoa mkono mmoja kupenga kamasi, upepo ukampiga, akagonga ukuta. Alivunjika paja, kiwiko na mbavu. Mtu wa kiwango kile!

Sisemi baiskeli ile haina faida. Inayo. Ukishajilaza vizuri, fremu na magurudumu yanakupa sekunde ambazo miguu haiwezi kuzitoa. Lakini mwaka jana ulishindana mara tisa, na za saa zilikuwa mbili tu. Zile saba ni za kundi, wote mnaondoka pamoja, na baiskeli yenye pembe huruhusiwi kuingia nayo kwenye kundi. Milioni saba kwa siku mbili, mwanangu, ni magunia mengi ya korosho.

Kwa hiyo mwaka huu hapana. Pembe nazigharamia mimi. Kaa nazo msimu mzima, shindana mbio za saa angalau mara nne, na ujifunze kulala saa nzima bila kuinua kichwa kutafuta nani anakutazama (tabia hiyo umeirithi kwa mama yako). Ukifika huko na bado unazikosa sekunde, kwa hela ya korosho ya msimu ujao tutagawana gharama nusu kwa nusu, na nitapanda basi mwenyewe kuja na sarafu yangu.

Nipimie urefu kutoka ncha ya siti hadi katikati ya usukani, na unene wa bomba la usukani pale karibu na kati, siyo pembeni. Tumia rula ya chuma, ya kitambaa inadanganya.

Mama yako ameniuliza kama hizo suti za kubana zina mfuko wa kuwekea kanga, ujitande ukishuka. Nimemwambia hazina mifuko. Amekaa kimya kidogo, sasa namsikia anatafuta mkasi, nadhani anakushonea kibegi.

Baba yako