Mvuke si mafuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Muheza, aliyeandika kwamba gari la mvuke ndilo dawa ya bei ya dizeli kwa kuwa linakwenda kwa maji, na maji Mungu katupa. Hapo hapo nimjibu na yule aliyemcheka baadaye, akisema mvuke ni mambo ya Mjerumani na reli yake, yamekwenda na wenyewe. Naona wote wawili wamekosea, ila wa Muheza amekosea akiwa karibu zaidi na ukweli.

Mimi ni fundi mstaafu wa boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, mkazi wa Ngamiani. Nimefanya kazi katika viwanda vya sabuni na vya mafuta ya kula hapa hapa Tanga, na kabla yangu babu yangu alikuwa mchochea moto wa gari moshi kwenye njia ya Moshi, reli ile iliyoanza kujengwa hapa mjini mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911. Mvuke ndio uliotulisha, kwa hiyo ukitukanwa nasikia, na ukisifiwa kwa uongo nasikia vilevile.

Kwanza tuelewane: maji hayaungui. Mvuke ni hamali tu. Anachukua joto kwenye moto, analipeleka kwenye pistoni, analitua. Huyo hamali halipwi, lakini mzigo wenyewe unanunuliwa, na unanunuliwa kwa bei ileile ambayo EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanaitangaza kila mwezi kwa mafuta yanayoshushwa bandari ya Tanga. Chini ya boila lazima kitu kiungue: mafuta mazito, dizeli, gesi, kuni, vifuu, chochote. Anayekuonyesha kwenye simu video ya gari linalokwenda kwa maji matupu, mwombe akuonyeshe na upande wa pili wa gari.

Sasa lililo jema, maana lipo. Moto wa boila ni moto uliotulia. Ndani ya injini ya dizeli au petroli mafuta yanaunguzwa kwa mlipuko, maelfu ya mara kwa dakika, na kila mlipuko una muda mfupi mno wa kumaliza kazi. Yasiyoungua vizuri yanatoka kwenye egzosi kama masizi na gesi ya sumu, na lile joto kali la ghafla linaunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani kuwa gesi nyingine inayowasha kifua. Kwenye boila moto unawaka mfululizo, una nafasi, unapewa hewa ya kutosha na ya ziada, na joto lake halipandi kwa kishindo. Asubuhi tukiwasha, kazi yangu ya kwanza baada ya kuona kioo kinachoonyesha kina cha maji ilikuwa kutoka nje nitazame bomba la moshi. Moshi mweusi, hewa haitoshi. Moshi mweupe unaonuka mafuta, mafuta yanapita bila kuungua, labda hayajapashwa moto vya kutosha au tundu la kichomeo limechakaa. Nikishaweka sawa, juu ya bomba huoni kitu ila hewa inatetemeka, na mnazi ulio nyuma yake unaonekana kama unacheza. Moto wa namna hiyo hakuna Fuso linalopanda kutoka Mombo kwenda Soni litakalokupa.

Na kuna la pili. Injini ya mvuke ina nguvu hata kabla haijaanza kuzunguka. Unafungua valvu, pistoni inasukumwa pale pale, kwa hiyo haihitaji klachi wala giaboksi. Walioendesha magari hayo zamani waliyapenda kwa sababu hiyo, na walikuwa wengi. Mwaka 1900 Marekani ilitengeneza magari 4,192. Kati ya hayo 1,681 yalikuwa ya mvuke, 1,575 ya umeme, na ya petroli yalikuwa 936 tu, ya mwisho kabisa. Mwaka 1906 gari la mvuke la ndugu wawili mapacha wa ukoo wa Stanley lilikimbia kwenye mchanga wa pwani ya Florida kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa, likiendeshwa na Fred Marriott. Kwa magari ya mvuke rekodi ile ilidumu hadi mwaka 2009, Waingereza walipoivunja huko California.

Basi yalikwenda wapi? Wako wanaosema makampuni ya mafuta yaliyaua. Hiyo ni hadithi ya barazani, maana hata hayo ya mvuke yalikuwa yakinunua mafuta kwa makampuni hayohayo. Gari la Stanley lilihitaji karibu nusu saa ya kuchemsha maji kabla halijatoka uani, na njiani lilisimama mara kwa mara kunywa kwenye mabirika ya farasi. Mwaka 1914 ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia huko kwao mabirika yakafungwa, wenye magari wakaadhirika. Mwaka 1912 nako Cadillac walikuwa wameshaanza kuweka stata ya umeme, mwenye petroli akaachana na mkono wa chuma wa kuwashia uliokuwa ukivunja watu vifundo. Baadaye Abner Doble wa California akatengeneza gari la mvuke lililowaka kwa muda usiofika dakika moja na kuyarudisha maji yake yenyewe, gari zuri kweli kweli, lakini bei yake ilikuwa ya matajiri na yaliyotengenezwa hayakufika hata 50. Kwetu Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Gari la mvuke liliondoka.

Hapa ndipo nataka msomaji wa Muheza anisikilize kwa makini, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Chukua lita moja ya maji ya bomba ya Tanga, yanayotoka yakiwa na nyuzi kama 28. Kuyafikisha kwenye mchemko kunakula joto kiasi fulani. Kuyageuza yote yawe mvuke, bila kuongeza hata nyuzi moja, kunakula joto zaidi ya mara saba ya hilo la kwanza. Mama yeyote anayepika kwa mkaa anajua kwamba birika huchemka mapema, lakini kulikausha ni kazi ya asubuhi nzima. Sasa mvuke ukishaisukuma pistoni, sehemu kubwa ya joto hilo bado umeibeba. Kiwandani haikutusumbua. Mvuke uliochoka tuliupitisha kwenye mabomba ya matangi, ukapika sabuni, ukarudi maji ya moto, tukayarudisha kwenye boila. Kilichopotea kilikuwa kidogo. Gari halina sabuni ya kupika. Ama unautupa mvuke hewani, na maji yako unayatupa pamoja nao, ama unaubeba kwenye kondensa, ambayo ni rejeta ya kupoza mvuke urudi maji, kubwa kuliko unavyodhani, na joto unalitupa tu, ila maji yanabaki.

Ndiyo maana injini ya petroli ya gari dogo hutoa kazi asilimia 25 hadi 30 ya joto la mafuta yake, dizeli ya lori ikafika 40, na magari ya mvuke ya zamani yakabaki chini sana ya hapo. Mitambo mikubwa ya umeme ya mvuke inafika 40 pia, lakini inatumia mvuke uliopashwa hadi nyuzi 500 na zaidi, na kondensa yake inapozwa na mto au bahari. Boila yangu ilikuwa ya presha ya kilo kumi, mvuke wa nyuzi 180 hivi, na kwa injini huo ni mvuke dhaifu. Ukitaka gari lisilo na kiu ya mafuta lazima upande joto na presha, na ukipanda huko unahitaji chuma cha bei, vilainishi visivyoungua, na maji safi kama ya betri.

Maji safi, narudia. Huku kwetu kuna mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ni ushahidi, na anayetumia maji ya kisima aangalie birika lake kwa ndani. Nimewahi kufungua boila iliyolishwa maji ya kisima bila dawa, nikakuta mabomba yamevaa ganda jeupe gumu ambalo patasi ililibandua vipande vipande kama kauri. Joto halipiti hapo. Moto unaunguza chuma, mafuta yanaongezeka, mwishowe bomba linavimba na kupasuka. Dereva anayejaza rejeta kwa maji ya mtaro pale Segera, mkabidhi gari la mvuke uone.

Jaribio la kweli la mabasi lilikwishafanywa. Mwaka 1972 huko California waliweka injini za mvuke kwenye mabasi ya abiria, moja likiwa la Bill Lear, yule wa ndege ndogo za Lear Jet. Moshi ulipungua sana kuliko wa dizeli. Mafuta yakaongezeka sana kuliko ya dizeli. Mwaka uliofuata mafuta yakapanda bei duniani kote, na miaka miwili baadaye magari ya petroli ya Marekani yakaanza kufungwa kwenye egzosi kifaa cha kusafisha moshi kwa kemikali. Usafi, ambao ndio uliokuwa silaha ya mvuke, ukapatikana bila mvuke. Naona hiyo ndiyo hukumu iliyoandikwa, na haikuandikwa na mla rushwa.

Lakini yule aliyecheka asishangilie bado. Mwaka 2005 BMW walitangaza mtambo walioupa jina la Turbosteamer. Hawakuitupa petroli. Walichukua joto linalotoka kwenye egzosi na lile la maji ya injini, wakachemshia, mvuke ukaisaidia shafti, wakasema mafuta yanapungua hadi asilimia 15. Mwaka 2014 Cummins na Peterbilt huko Marekani walionyesha lori lenye injini iliyogeuza zaidi ya asilimia 50 ya joto la mafuta kuwa kazi, na sehemu ya mafanikio hayo ilitoka kwenye joto la egzosi lililochemsha, si maji, bali kimiminika cha aina ya gesi ya friji. Kumbe hamali yule yule amerudishwa kazini, safari hii anaokota joto ambalo mwenye lori alikuwa amekwishalilipia akalitupa barabarani.

Huko ndiko ningependa vijana wetu waelekee, na nina sababu ya kuwasihi. Karibuni nilipita gereji moja hapa Ngamiani nikamkuta kijana anachomelea bomba kwenye mtungi chakavu wa gesi ya kupikia, anataka kutengeneza boila ya pikipiki.

"Shikamoo babu. Si maji tu haya?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Valvu ya usalama utaiweka wapi?"

Akanionyesha koki ya maji ya bustani. Nikaketi. Nikamweleza kwamba lita moja ya maji ikigeuka mvuke wazi hewani huwa lita zaidi ya 1,600, na kwamba mtungi ule ukipasuka na maji yaliyopita mchemko, yote yanataka kuwa mvuke kwa mara moja, na gereji ya jirani nayo itakwenda. Hakukasirika. Akaniuliza wenzetu walifanyaje. Walitumia bomba moja refu jembamba lililokunjwa kama springi, maji yanaingia upande mmoja baridi yanatoka upande wa pili mvuke. Léon Serpollet wa Ufaransa alifanya hivyo zaidi ya miaka 120 iliyopita. Ndani ya bomba hilo maji ni kidogo mno, likipasuka linapiga mluzi tu, ingawa mluzi huo nao unaunguza. Mtungi ameuacha, nimehakikisha.

Pendekezo langu ni dogo. Viwanda vingi mkoani vina jenereta za dizeli zinazonguruma umeme ukikatika, na egzosi zake zinapasha joto ndege wa angani. Jenereta haipandi mlima Soni, kwa hiyo uzito wa kondensa si hoja, na joto la ziada likishindwa kuzungusha kitu litakausha nyuzi za mkonge wakati wa masika au kupasha maji. Chuo cha ufundi kichukue jenereta moja, kifunge bomba la kuchemshia la chuma kisicho na mshono kwenye egzosi, kipime lita za dizeli kwa kila uniti ya umeme kabla na baada, kisha matokeo yaandikwe gazetini yakiwa mazuri au mabaya. Vifuu na unga wa mbao za misaji ya Longuza tusivipeleke kwenye gari: kilo moja ya dizeli ina joto la karibu kilo tatu za kuni kavu, na nani atabeba gunia la vifuu kwenda Arusha? Hivyo vibaki chini ya boila za kiwandani, vinakofaa.

Kabla ya kuwasha, OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, waitwe wakague, na valvu ya usalama ijaribiwe ikifunguka mbele ya wanafunzi. Nguvu za kupanda ngazi ya boila sina tena, ila geji bado naisoma bila miwani, na kwa baiskeli hapa mjini nafika popote. Wakinihitaji wanitumie mtu.

Fundi boila mstaafu,
Ngamiani, Tanga