Usilitaje jina, mwanangu

Mwanangu Zawadi,

Mpango wako wa utafiti nimeusoma wote, kwa miwani ya mama yako, maana yangu imekatika mguu. Ukurasa wa juu ulioandikwa kwa Kireno nimemwonyesha hata fundi aliyekuja kuziba paa. Kireno hajui, wala mimi sijui, lakini jina lako tuliliona limechapwa, akanipa mkono kana kwamba mimi ndiye niliyefaulu.

Sasa nikuulize. Kwa nini habari hizi nizisikie kwa shangazi yako? Wiki tatu mnazungumza visa na tiketi, mimi nimekaa hapa kama mpangaji.

Ukurasa wa tisa ndio umenikosesha usingizi. Unasema unakwenda Maputo ili umtaje aliyemuua Mondlane, rais wa FRELIMO, chama kilichokuwa kikipigania uhuru wa Msumbiji kutoka hapa Dar. Nenda. Soma, hoji watu, kaa kwenye nyaraka mpaka wakufungie mlango. Jina usilitaje.

Mengine unayajua kunishinda. Kitabu kilichotegwa bomu, Februari 3, 1969, nyumbani kwa rafiki yao Mmarekani kule Oyster Bay, mkewe Janet akiwa safarini. Betri ambazo polisi walizifuatilia hadi Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo. Mkono wa PIDE sina shaka nao. Majasusi wale wa Wareno hawakuwa watu wa kuonewa haya. Lakini wewe unauliza kilekile tulichokuwa tukiulizana vibarazani: bomu limetengenezwa huko, je, wa humu ndani aliyelipitisha ni nani? Swali hilo, mwanangu, limekula watu wengi kuliko lile bomu.

Kwenye maandishi yako mambo yamepangwa kwa tarehe, yametulia. Hayakutulia. Mwezi Mei 1968 vijana walivamia ofisi ya FRELIMO hapahapa Dar, mtu akafa. Wanafunzi wa taasisi yao walikuwa wamegoma, Padri Gwenjere akiwa upande wao. Nkavandame, mkubwa wa Wamakonde ndani ya chama, na wazee wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walikuwa na yao, wapiganaji walikuwa na yao. Julai wakafanya mkutano mkuu kule Niassa, Mondlane akachaguliwa tena, na waliokasirika wakarudi na hasira zao. Desemba Kankhomba, kamanda wao, akauawa mpakani, Ruvuma. Kwa hiyo kitabu kilipolipuka, kila mtu alikuwa na jina lake tayari, anangoja tu pa kulitamkia.

Tazama yaliyompata Simango. Alikuwa makamu wa Mondlane, chama kikamweka awe mmoja wa watatu wa kukiongoza, yeye na Machel na dos Santos. Haikufika hata mwaka. Novemba akatoa waraka, akawataja wenzake, kwamba wanapanga kuua. Wakamfukuza. Mei 1970 Machel akawa rais wa chama. Nchi ilipopata uhuru Simango akakamatwa, akauawa kimya kimya, na mkewe Celina pia. Kaburi hawakuonyeshwa watoto. Wamekua wakiitwa watoto wa msaliti, na mmoja wao, Daviz, akaja kuwa meya wa Beira na jina hilo mgongoni. Sisemi Simango hakuwa na lake. Nasema hakuna mahakama iliyokaa, si kwa kifo cha Mondlane wala kwa chake. Nkavandame alivuka kwa Wareno mwaka huohuo wa 1969, basi watu wakasema kesi imekwisha, Wamakonde ndio. Wamakonde wote? Na mchonga vinyago wa Keko?

Kile kinyago kinachozuia mlango wa sebuleni, nilikwambia nilikinunua Mwenge. Sikukinunua Mwenge.

Nilikuwa na miaka 17. Chumba cha uani kwa babu yako alipanga mchongaji kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mtu mpole, anakohoa usiku. Wiki ile ya msiba alipokea kifurushi kimefungwa kwa katani. Mimi nikakiona, na mdomo wangu unaujua. Nilimwambia balozi wa nyumba kumi. Watu wawili wakaja kumchukua. Kifurushi kilikuwa na msasa na patasi mbili. Alirudi siku ya tisa, akafungasha vitu vyake pasipo kumsalimu mtu, gogo la mpingo akaliacha pale pale alipokuwa akilichonga: uso umetoka upande mmoja, upande wa pili bado ni gome. Babu yako hakunisema. Alinipa ufagio nikafagie maganda ya mpingo yaliyobaki uani, na yalikuwa mengi, meusi, yananing'ang'ania vidole.

Basi usilitaje jina. Unadhani hayo ni mambo ya zamani, wote wamekufa. Wana watoto. Utakaribishwa chai na mtu, akupe jina la baba wa jirani yake, ulichukue uliweke kwenye kitabu chenye jalada zuri. Andika walivyogombana, andika kila upande ulisema nini, andika barua ilipita mikono ya nani. Profesa wako akitaka jina, mwambie aende akalitafute mwenyewe. Najua utasema mzee anaogopa. Ndiyo, naogopa. Kichwa hicho cha kung'ang'ania jambo umekirithi kwangu, na sijui kama nilikupa na breki zake.

Fundi anasema mabati manne yameoza, si mawili kama ulivyoambiwa, kwa hiyo ile pesa uliyotuma haikutosha na nimeongezea ya mbolea. Usitume nyingine, utaihitaji huko. Tanki limeacha kuvuja. Mama yako anasema uchukue lile jaketi la bluu, Juni Maputo kuna baridi, na ufunguo wa kabati lako umwachie Neema, si shangazi.

Ukifika piga simu usiku, mchana mtandao hapa unasumbua.

Baba yako