Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: bendera zetu zote zipewe chumba kimoja

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, na pole na majukumu. Mi ni fundi cherehani hapa Dar, nashona sare za shule, mapazia na bendera, na hizi bendera ndo zimenifanya nikuandikie mbele ya watu wote maana ishu yenyewe ni ya watu wote.

Naenda moja kwa moja kwenye ombi. Naomba bendera zote zilizowahi kupepea kwenye nchi hii, bara na visiwani, kuanzia ile nyekundu ya Sultani mpaka hii ya leo, zishonwe upya kwa vipimo sahihi, zitundikwe pamoja kwenye chumba kimoja pale Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kila moja na maelezo yake ya Kiswahili kilichonyooka, na nakala zake ziende mashuleni. Makumbusho iko chini ya wizara yako ndo maana nimeanza kwako, ila kama Waziri wa Elimu naye atapita hapa asome, itakuwa vizuri sana.

Kwa nini nalilia hili? Mtoto wa darasa la nne ukimuuliza rangi za bendera anakwambia bila kusita, kijani ni mimea, manjano ni madini, nyeusi ni sisi wenyewe, buluu ni maji. Safi kabisa. Sasa muulize hiyo buluu imetoka wapi, nani kaileta, kabla yake palikuwa na nini, anakutolea macho, na mwalimu wake wakati mwingine hivyo hivyo, na si kosa lao, hakuna mahali wameoneshwa.

Mheshimiwa, hebu niruhusu nikueleze hii bendera inavyoshonwa, maana historia yenyewe iko humo kwenye mshono. Ya Tanganyika ilikuwa rahisi kushona, kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na vistari viwili vyembamba vya manjano vinatenganisha, yote imelala mlalo. Ilitoka kwenye bendera ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kijani nyeusi kijani, ikaongezwa manjano. Hiyo ndo iliyopanda usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza iliposhuka, na ndo Luteni Alexander Nyirenda aliipandisha juu ya Kilimanjaro pamoja na Mwenge. Haikukaa hata miaka mitatu. Tarehe 26 Aprili 1964 tukaungana na Zanzibar, na ikabidi itafutwe bendera ya pamoja, na hapo waliofanya ile kazi walionesha akili kubwa sana. Zanzibar ya Mapinduzi ilikuwa na buluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi (ASP). Tanganyika ina kijani, nyeusi na manjano. Kijani na nyeusi zipo pande zote mbili, kwahiyo ukichukua ya Tanganyika ukatoa kijani kimoja ukaweka buluu ya Zanzibar, kila upande unajiona umo. Halafu wakaona ikilala mlalo kuna mmoja atakuwa juu na mwingine chini, sijui kama ndivyo walivyosema mezani lakini mi kila nikiishona ndivyo naiona, wakaupitisha ule mstari mweusi mshazari, kutoka kona ya chini kwenye mlingoti kwenda kona ya juu upande wa pili.

Kushona mshazari ni kazi. Kitambaa ukikikata hivyo kinavutika, ukikaza mkono kidogo tu kile kistari cha manjano kinapinda na bendera nzima inakaa vibaya upepo ukipiga. Vipimo vyake ni 2 kwa 3, kama kimo ni futi 2 basi urefu futi 3, sio hizi ndefuuu au za mraba ninazoziona barabarani. Na kuna kosa moja baya nataka ulijue Mheshimiwa: hii bendera ukiizungusha nusu duara, juu ikawa chini na upande wa nje ukaja kwenye mlingoti, ule mstari mweusi unabaki palepale ulipokuwa, bado unatoka chini kushoto kwenda juu kulia, kwahiyo mtu akiangalia harakaharaka anaona iko sawa tu, kumbe buluu imekuja juu kwenye mlingoti na kijani kimeenda chini. Kijani ndo kinatakiwa kiwe juu upande wa mlingoti. Nimeona ofisi ya umma, sitaitaja, imepandisha hivyo na imepauka mpaka kijani kinakaribia nyeupe, pindo limechanika nyuzi zinaning'inia, nikaingia nikamwambia mhusika akasema ataangalia, na mpaka naandika hapa iko vilevile. Iliniuma kwa kweli. Bendera ikichakaa ishushwe kwa heshima ipandishwe nyingine, kitambaa chake si gharama ya kuishinda ofisi.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba bendera hii ni kubwa kwa umri kuliko jina la nchi. Ilianza kutumika tarehe 30 Juni 1964, na jina Tanzania lilikuja tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, katikati hapo tulikuwa tunaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Mwambie hivyo kijana wa sekondari uone atakavyovutiwa.

Sasa visiwani ndo kuna utajiri wenyewe, na ndo huko watu wanaogopa kugusa. Bendera nyekundu ya Sultani, nyekundu tupu bila alama yoyote, ni ileile rangi ya Oman, na Oman wenyewe waliendelea na nyekundu mpaka 1970 alipoingia Sultan Qaboos wakaongeza nyeupe na kijani na lile jambia. Hii nyekundu haikuwa ya Unguja na Pemba peke yake, ilikuwa inapepea pwani yote, Mombasa pale Fort Jesus ilikaa hadi Kenya inapata uhuru 1963, kwasababu ule ukanda wa maili 10 kisheria ulikuwa bado wa Sultani. Wakenya wa pwani wana wazee wanaoikumbuka kabisa.

Na damu imemwagika kwa ajili ya mlingoti Mheshimiwa. Aprili 1888 Sultani Khalifa aliwapa kampuni ya Wajerumani haki ya kutawala pwani ya bara, lakini kwa jina lake na chini ya bendera yake. Agosti walipofika kuchukua miji, wao wakataka kupandisha na ya kwao, ile nyeupe yenye msalaba mweusi na kona nyekundu ya nyota, na Pangani ugomvi ukaanzia hapo hapo kwenye bendera. Watu wa pwani wakasimama, Abushiri bin Salim upande wa Pangani, Bwana Heri Saadani, na vita ikashika pwani nzima mpaka Ujerumani ikaleta jeshi la serikali. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Ukienda Pangani leo ukawauliza vijana wa bodaboda hii vita ilianzaje wangapi watakwambia ilianza na bendera? Na mji wao ndo ulikuwa katikati ya mambo!

Halafu 1896, Unguja. Sultani Hamad bin Thuwaini amefariki, Khalid bin Barghash akaingia ikulu bila ridhaa ya Waingereza, wakampa mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 Agosti awe ameshusha bendera yake na ametoka, hakushusha, manowari zikapiga kama dakika 40 hivi, na zilinyamaza bendera ilipoangushwa. Watu kama 500 wa upande wake walikufa au kujeruhiwa, na Khalid mwenyewe akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, baadae akaletwa hapa Dar es Salaam akakaa chini ya bendera ya Kaiser ile nyeusi, nyeupe na nyekundu. Yaani maisha ya mtu mmoja tu yanatosha kukueleza ramani nzima ya wakati ule.

Vita vya kwanza vya dunia vikaisha, Mjerumani akaondoka, bara akaja Mwingereza, na Tanganyika ikawekewa kichwa cha twiga kwenye bendera yenye ile ya Uingereza pale kona ya juu. Twiga yule ukimuonesha mtoto anacheka kwa furaha, hajawahi kumuona. Hiyo sitakaa nayo sana.

Zanzibar nayo ikapata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, nyekundu ikaongezewa duara la kijani katikati na karafuu mbili za dhahabu. Ilipepea mwezi mmoja na siku mbili. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi, na ndani ya mwezi huohuo bendera ikabadilishwa mpaka ikatulia kwenye buluu, nyeusi na kijani. Baada ya Muungano Zanzibar ikakaa miaka 40 bila bendera yake, hadi sheria ilipopitishwa 2004 na bendera ikapandishwa Januari 2005 chini ya Rais Amani Karume, zilezile rangi tatu za Mapinduzi, ila pale kona ya juu imewekwa ya Jamhuri ya Muungano. Najua kuna watu mpaka leo wanaitazama kama dalili ya kuvunja Muungano. Mi sikubaliani nao hata kidogo, mtu aliyetaka kujitenga asingeiweka bendera ya Muungano kwenye kona ya heshima. Na kuishona, uamini usiamini, unashona kwanza ya Tanzania nzima kwa udogo, na mshazari wake wote, ndo unaipachika. Ndo ngumu kuliko zote ninazopokea.

Kuna ndugu mmoja aliniambia, sasa hizo za wakoloni na za masultani tuzitundike za nini, si ni kuwatukuza? Hapana. Kutundika ndani ya makumbusho siyo kupandisha kwenye mlingoti. Huwezi kumweleza mtoto uzito wa usiku ule wa 1961 kama hajaiona iliyoshushwa. Na hiyo ya karafuu, ilikuwa ya mwezi mmoja, watu walifurahia wengine walilia, wote ni wetu, wazee wa pande zote mbili bado tunao mitaani Ng'ambo na Wete na Tanga, na ndo hao watakaokaa kwenye benchi ndani ya hicho chumba na kuwasimulia wajukuu. Wakiondoka tutabaki na picha za intaneti ambazo nusu yake zimechorwa kwa kubahatisha.

Majengo nayo hayasubiri. Beit al-Ajaib, lile jumba la kihistoria pale Unguja, iliporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020, watu wawili wakapoteza maisha, na lile lilikuwa ndo jumba la makumbusho na liko jirani kabisa na pale palipopigwa mizinga 1896. Najua makumbusho ya Zanzibar yako chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar siyo kwako, ila nani atakataa mkikaa mezani pamoja, seti moja ikawa Dar nyingine Unguja? Na moja ya kuzunguka, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, Wete.

Wenzetu Kenya kila kaunti, zote 47, sheria inaitaka iwe na bendera yake na nembo yake. Siombi mikoa yetu ipewe bendera, sioni haja hiyo saivi, tunahitaji kwanza kuzijua tulizonazo.

Kuhusu gharama, Mheshimiwa, tunazungumzia vitambaa, uzi na mbao. Wapo mafundi wazuri Kariakoo, Darajani, Mwanza, Arusha, wape michoro iliyothibitishwa na wanahistoria wa Chuo Kikuu na watu wa Nyaraka za Taifa, wakague kipimo na rangi kabla sindano haijaingia, na mi mwenyewe nitashona ya Tanganyika na hiyo ya Zanzibar ya 2005 bila malipo, kitambaa changu, uzi wangu. Ikiwezekana chumba kifunguliwe tarehe 30 Juni, siku bendera yetu ilipoanza, ambayo mpaka leo inapita kila mwaka hakuna hata anayeitaja.

Nasubiri majibu ya wizara yako, na kama kuna mtumishi wa Makumbusho anataka kuja kuona sampuli, karibu sana, jioni baada ya swala ya alasiri ndo nakuwa na nafasi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani, Kariakoo, Dar es Salaam