Habari za bunduki Marekani zitafutwe pia kwenye mabunge ya majimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna tunavyoandikiwa habari za bunduki nchini Marekani. Nimekuwa msomaji wa gazeti hili tangu kabla sijahamia Richmond, mji mkuu wa jimbo la Virginia, na hadi leo silali kabla sijalipitia. Kila yanapotokea mauaji ya risasi huku, makala zenu hueleza mambo mawili: kwamba Bunge la Washington limeshindwa tena kupitisha sheria, na kwamba limeshindwa kwa sababu chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kina fedha nyingi. Hayo yana ukweli wake. Hata hivyo, msomaji anayeishia hapo hawezi kufahamu kwa nini sheria za bunduki hutofautiana mno kati ya jimbo moja na jingine, wala kwa nini Virginia, ambako ndiko yaliko makao makuu ya NRA, ilipitisha sheria kadhaa za kudhibiti silaha mwaka 2020, miezi michache tu baada ya maelfu ya watu wenye bunduki kujaa mitaani kuzunguka jengo la bunge lake.

Katiba ya Marekani, kwa Marekebisho ya Pili ya mwaka 1791, inalinda haki ya raia kumiliki silaha, na Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 2008 kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi. Lakini nani anunue, auze kwa utaratibu gani, abebe silaha yake wapi na aondolewe silaha hiyo kwa sababu gani, kwa sehemu kubwa huamuliwa na mabunge ya majimbo. Bunge la Virginia lina Baraza la Wajumbe lenye watu 100 na Seneti yenye watu 40. Hukutana kuanzia Jumatano ya pili ya Januari, kwa siku 60 katika miaka shufwa, na katika miaka witiri kwa muda mfupi zaidi. Kwa kuwa miswada ni mingi na siku ni chache, mingi hufia kwenye kamati ndogo, mbele ya wajumbe wachache na wananchi wanaohesabika, na anayekuwamo chumbani wakati huo husikika kuliko aliyeandika barua mia moja.

Jambo hilo lilifahamika mapema kwa kikundi ambacho sijawahi kuona jina lake katika kurasa zenu. Virginia Citizens Defense League kilianzishwa mwaka 1994, kinaendeshwa na watu wanaojitolea, na kinajitangaza waziwazi kwamba hakikubali maafikiano yoyote katika haki ya kumiliki silaha. Rais wake, Philip Van Cleave, ni sura inayojulikana na kila karani wa kamati jijini hapa. Kila Januari, katika sikukuu ya kumkumbuka Martin Luther King, wanachama wake huja Richmond wakiwa na vibandiko vya rangi ya chungwa vifuani, hugawana majina ya wabunge, kisha hupita ofisi kwa ofisi. Sheria iliyomzuia mtu kununua zaidi ya bastola moja kwa mwezi, ambayo ilipitishwa mwaka 1993 wakati wa Gavana Douglas Wilder, ilifutwa mwaka 2012. Ninaamini kazi ya namna hiyo, ya kurudi mwaka baada ya mwaka kwa wabunge walewale, ilichangia katika kufutwa huko kuliko hundi yoyote iliyoandikwa na chama cha kitaifa.

Niseme wazi kwamba sikubaliani nao. Ninaunga mkono ukaguzi wa kila mnunuzi wa bunduki, na sioni haki gani inayovunjwa mtu anapotakiwa kusubiri simu ya polisi kabla ya kukabidhiwa silaha. Lakini kuwaeleza wasomaji kwamba watu hawa ni vibaraka wanaolipwa ni kosa, na ni kosa linalowadhuru hasa sisi tunaotaka sheria hizo, kwa sababu hutufanya tusubiri fedha ambazo hatuna badala ya kujifunza kazi ambayo tunaweza kuifanya.

Chukua mfuatano wa mwaka 2019 na 2020. Tarehe 31 Mei 2019, mtumishi wa manispaa ya Virginia Beach aliwaua watu 12 katika jengo la ofisi za mji huo. Gavana Ralph Northam aliitisha kikao maalumu cha bunge tarehe 9 Julai. Chama cha Republican, kilichokuwa na wingi mdogo katika mabaraza yote mawili, kiliahirisha kikao hicho baada ya dakika 90 hivi, na miswada yote ikapelekwa kwenye tume ya bunge inayochunguza masuala ya uhalifu ili ijadiliwe baada ya uchaguzi. Novemba ile wapiga kura waliwapa Democratic mabaraza yote mawili, 55 kwa 45 katika Baraza la Wajumbe na 21 kwa 19 katika Seneti, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa zaidi ya miaka ishirini.

Ndipo vijijini kukachemka. Kaunti na miji zaidi ya 90 ilipitisha maazimio ya kujitangaza kuwa kimbilio la Marekebisho ya Pili, ikisema haitatekeleza sheria itakazoona zinavunja Katiba. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Mark Herring, alieleza mwezi Desemba kwamba maazimio hayo hayana nguvu ya kisheria, kwa kuwa hapa Virginia serikali za mitaa zina mamlaka yale tu zinayopewa na bunge la jimbo. Kisheria alisema kweli. Kisiasa, hata hivyo, kumbi zilizofurika watu katika kaunti ambazo mikutano ya madiwani wake kwa kawaida haina wasikilizaji zilikuwa na ujumbe ambao maseneta waliusoma vizuri sana.

Tarehe 20 Januari 2020 nilikuwa mtaani karibu na jengo la bunge. Kulikuwa na baridi kali. Waliokadiriwa kufika 22,000 walijaa. Kiasi cha 6,000 waliingia kwenye viwanja vya bunge bila silaha, kwa kuwa gavana alikuwa ametangaza hali ya hatari na Mahakama ya Juu ya Virginia ilikataa kusitisha katazo lake, na wengine walibaki nje, wengi wao wakiwa na bunduki ndefu mabegani. Siku chache kabla, FBI ilikuwa imewakamata watu watatu waliodaiwa kuwa wafuasi wa kundi la Wanazi mamboleo, kwa hiyo hofu ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, siku ilipita kwa amani, na ninawapa sifa yao: watu niliosimama karibu nao walikuwa wapole, na polisi walimkamata mtu mmoja tu.

Magazeti mengi ulimwenguni, pamoja na hili, yalichapisha picha za bunduki zile na kuondoka. Lililoniuma mimi halikuonekana pichani. Katika sikukuu hiyohiyo, kwa miaka mingi, watu waliopoteza ndugu zao kwa risasi wamekuwa wakikutana kwenye viwanja vya bunge kuwakumbuka, na mwaka ule mkutano wao ulifutwa kwa sababu za usalama. Haki ya kuwasilisha malalamiko mbele ya wawakilishi ni ya wote. Namna yoyote ya kuitumia ambayo inamfanya mfiwa abaki nyumbani imekwisha kumnyang'anya yeye haki ileile, hata kama hakuna risasi iliyofyatuliwa.

Tena bunduki zile hazikuzuia kitu. Kufikia mwezi Aprili, Gavana Northam alikuwa amesaini sheria ya ukaguzi kwa mauzo yote ya bunduki, sheria ya kumwondolea silaha kwa muda mtu anayeonekana kuwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, na kurejeshwa kwa ile ya bastola moja kwa mwezi. Zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2020.

Kilichozuiwa kilizuiwa chumbani. Muswada wa kupiga marufuku uuzaji wa bunduki za kivita za aina ya AR-15 na magazini zenye risasi zaidi ya 12 ulipita katika Baraza la Wajumbe kwa kura 51 dhidi ya 48. Tarehe 17 Februari ulifika mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti. Maseneta wanne wa Democratic, Creigh Deeds, John Edwards, Chap Petersen na Scott Surovell, waliungana na Republican, na muswada ukasukumwa kando kwa kura 10 dhidi ya 5 ili ukachunguzwe zaidi. Seneti hiyohiyo ilihakikisha kwamba ukaguzi wa wanunuzi uhusu mauzo tu, usiguse kuazimana wala kupeana bunduki. Naona hapo mkono wa mikutano ile ya kaunti, na wa wale waliozoea kukaa kwenye viti vya kamati tangu miaka ya tisini. Upande wangu ulishinda uchaguzi, ukadhani kazi imekwisha.

Kilichofuata kinathibitisha kwamba mambo haya hayatulii. Mwaka 2021 Republican walitwaa ugavana na Baraza la Wajumbe. Mwaka 2023 Democratic walilirudisha baraza hilo. Na Machi 2024, marufuku ya bunduki za kivita ilipopita hatimaye katika mabaraza yote mawili, Gavana Glenn Youngkin aliikataa kwa kura ya turufu, pamoja na miswada mingine mingi ya bunduki. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo iliyopitia Washington.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wenu anayefuatilia Marekani atazame Januari ijayo vikao vya kamati za bunge la jimbo, la Virginia au jingine lolote. Vikao hivyo viko wazi kwa umma, na huonyeshwa kwenye intaneti vikiendelea. Anapoandika kuhusu muswada wa bunduki, aeleze umefika kamati gani, nani ameusemea na nani ameupinga, na kila mjumbe wa kamati hiyo amepiga kura gani.

Wako,
Msomaji, Richmond, Virginia