Mgonjwa hakukataa kumaliza notisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nizungumzie siku 28 za notisi ya kuacha kazi, na yanayompata mfanyakazi akiugua kabla hazijaisha.

Binti wa jirani yangu hapa Nyakato alikuwa keshia wa duka la jumla kwa miaka minne. Alipopata kazi kwingine aliandika barua ya kuacha kazi na kutoa notisi ya siku 28. Akafanya kazi siku 11. Usiku wa siku hiyo ya 11 tumbo likamshika, na kabla ya mapambazuko alikuwa ameshapasuliwa kidole tumbo. Daktari akampa ED, yaani karatasi ya ruhusa ya kupumzika kazi kwa ugonjwa, ya siku 14. Mdogo wake akaipiga picha na kumtumia meneja siku ileile, kisha karatasi yenyewe akaipeleka ofisini. ED ilipoisha, dada wa watu akarudi, bado anatembea kajishika ubavu, akijua amebakiza siku 3. Mlinzi wa getini akamwambia jina lake limeshatolewa. Kwenye hesabu zake za mwisho akakuta amekatwa mshahara wa mwezi mzima, sababu "hakumaliza notisi". Cheti cha utumishi akaambiwa atapewa akishasaini kwamba hadai kitu.

"Baba, hivi ndivyo sheria inavyosema?" akaniuliza.

Aliniuliza mimi kwa sababu nimestaafu kazi ya utumishi, miaka 22 katika makampuni ya watu binafsi. Nikiri hapa: makato ya namna hiyo nimeyaandika kwa mkono wangu, na si mara moja. Tulikuwa tunaangalia mstari mmoja wa mkataba, ule wa notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi mmoja badala yake, tunabonyeza kikokotoo, tunafunga faili. Sheria ilikuwa kabatini, na vumbi lake.

Nimeifungua sasa, uzeeni. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mwajiri ruhusa ya kukata fedha za notisi pale mfanyakazi anapokataa kufanya kazi katika kipindi hicho. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, lakini neno lililotumika pale halina maana nyingine: kukataa. Mtu aliyelala wodini na nyuzi tumboni amekataa nini? Na hata aliyekataa kweli hukatwa zile siku ambazo hakufanya. Huyu siku 11 alizifanya, nazo zikamezwa pamoja na nyingine.

Kifungu cha 32 ndicho kinachomhusu mgonjwa. Kinatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa kawaida hayumo, lakini huyu ana miaka minne, na katika miezi hiyo 36 hakuwa ametumia hata siku moja. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo inafutika siku mtu anapoandika barua ya kuacha kazi. Mpaka notisi iishe, bado ni mfanyakazi.

Hapa kuna jambo ambalo halimpendezi binti yangu huyu, nami nilimwambia. Kifungu kilekile cha 41 kinasema notisi haitolewi mtu akiwa likizo, wala haiendi sambamba na likizo. Kwa usomaji wangu, basi, hesabu ya notisi ilisimama alipougua, na aliporudi alikuwa bado anadaiwa siku 17 wala si 3. Mwajiri angemwambia hivyo, angekuwa na hoja, na binti angezifanya, maana kule anakokwenda walikuwa wameshakubali kumngoja. Au angemwachia aende zake kwa maelewano, mambo yakaisha. Yeye alimfungia geti, kisha akamtoza kwa kutoingia.

Najua waajiri watasema nini: ED zinanunuliwa. Zinanunuliwa, ndiyo. Mimi mwenyewe nimewahi kupokea ED tatu za wafanyakazi watatu, zahanati tatu tofauti, mwandiko mmoja. Lakini sheria imeliona hilo: asiyeleta cheti cha daktari aliyesajiliwa, mwajiri halazimiki kumlipa siku za ugonjwa. Ukiwa na shaka, nenda hospitali iliyotajwa kwenye karatasi ukaulize. Sisi tuliona ni usumbufu, tukaona afadhali kukata, kwa sababu anayeondoka hana wa kumtetea. Wenzake wameshaanza kugombea kiti chake.

Ombi langu kwa wizara inayoshughulikia kazi ni dogo. Katika kanuni za utendaji bora zilizotoka mwaka 2007 iongezwe sentensi moja inayosema wazi kwamba kushindwa kumaliza notisi kwa ugonjwa wenye cheti si kukataa kazi, na ieleze siku zilizobaki zihesabiwe vipi. Maofisa utumishi wengi hawana ubaya, ila wanafuata walichokikuta kwenye faili la aliyewatangulia. Na cheti cha utumishi kisifanywe rehani. Mwajiri anatakiwa kukitoa ajira inapokoma, na hakuna mahali sheria inaposema kisubiri saini ya kusamehe deni.

Kwa wanaoumwa huku notisi inahesabika: peleka ED mapema, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na usisaini karatasi ya "sina madai" kwa sababu tu unahitaji nauli. Mgogoro wa makato kama haya hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Ukibishania uhalali wa kuachishwa kazi ni siku 30 tu. Wengi huzimaliza siku hizo wakiambiwa "njoo wiki ijayo, bosi kasafiri".

Binti wa jirani ameambiwa hivyo mara nne. Leo ni siku ya 41 tangu akatwe. Jumatatu asubuhi naenda naye CMA, na lile faili langu la zamani nimeshalitafuta.

Mstaafu,
Nyakato, Mwanza