Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: Chupa zinazoingia Ziwa Nakuru bila kupitia langoni

Mheshimiwa Waziri,

Juzi nilimpeleka mpwa wangu kuona flamingo Ziwa Nakuru. Langoni askari wa mbuga alimwona ameshika chupa ya maji, akamwomba aiache. Hatukubishana. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za taifa, na askari yule alikuwa anafanya kazi yake, tena kwa adabu. Mtoto akayanywa maji yote kwa mkupuo, akaingia amenuna.

Ufuoni, upande unaoingia Mto Njoro, alisahau kununa. Alianza kuhesabu chupa zilizokwama matopeni. Alipita thelathini, akachoka. Kando yake palikuwa na vizibo, pakiti za maziwa, nepi, na ndala moja ya mguu wa kushoto.

Njia zilizopitia naijua, kwa kuwa mimi ni mmoja wa waliozituma. Nakaa Rhonda, karibu na uzio wa mbuga. Kuna wakati wakusanya taka walikaa wiki tatu bila kuonekana mtaani kwetu. Gunia likajaa, likaanza kunuka, nami usiku mmoja nikalimwaga mtaroni kama majirani wote. Ikanyesha. Asubuhi mtaro ulikuwa unang'aa, na nikiri kwamba nilifurahi. Uzio ule uliwekwa kwa ajili ya vifaru. Kizibo cha soda hakina habari nao.

Mheshimiwa, Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji yake huondoka kwa kupigwa na jua tu, yakawa mvuke. Kwa hiyo plastiki ikishaingia imefika mwisho wa safari, haina pa kwenda. Jua linaiunguza, inakauka, inakatikakatika mpaka inakuwa chembe ambazo hata wewe ukichota maji kwa kiganja huzioni.

Sasa mtazame heroe, yaani flamingo, anavyokula, hasa yule wa aina ndogo. Anainamisha kichwa mpaka mdomo unageuka juu chini, ulimi unavuta maji na kuyasukuma nje haraka haraka, na ndani ya mdomo kuna vichujio vyembamba kama vinyweleo vinavyobakiza mwani. Chujio hupima ukubwa. Haliulizi kama hiki ni mwani au ni kipande cha mfuko wa mkate. Mwari naye hutumbukiza mfuko wa mdomo wake majini na kuzoa kilichopo, samaki na visivyo samaki. Plastiki ikifika tumboni haisagiki; ikirundikana, ndege huhisi ameshiba huku anakonda.

Sisemi kwamba kila heroe aliyetuhama amefukuzwa na plastiki. Ziwa limefurika tangu miaka ya 2010, chumvi yake imepungua, mwani wanaoutegemea umepungua nao, na wengi wamehamia Ziwa Bogoria. Lakini ndege aliyekwisha kuhangaika kutafuta chakula ndiye asiyeweza kumudu tumbo lililojaa takataka. Ndiyo maana naomba kila heroe au mwari anayeokotwa amekufa apasuliwe, kilichomo tumboni kiandikwe, na sisi wananchi tusomewe. Kumpasua ndege hakuhitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Najua utanikumbusha sheria. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, faini ikafika shilingi milioni 4, na kweli ile miti iliyokuwa imevaa majuala imevuliwa. Mwaka 2022 ikaja sheria ya kutenganisha taka nyumbani. Mimi ningetenganisha kwa moyo mmoja, ila sijui vikapu viwili ningempa nani, na hata kile kimoja hakina wa kukichukua kwa siku inayojulikana.

Ombi langu kubwa ni dogo kwa gharama. Weka nyavu za chuma kwenye midomo ya mitaro mikuu, pale inapouacha mji kabla ya kuingia mbugani, na uajiri vijana wa Rhonda na Kaptembwo wazizoe kila baada ya mvua. Sisitizo langu liko kwenye kuzoa. Wavu usiozolewa huziba, maji hurudi majumbani, na wenyeji wenyewe huukata kwa msumeno. Sitawalaumu. Basi mshahara wa wazoaji uandikwe kwenye bajeti mapema, kabla ya picha ya uzinduzi.

Masika ikianza, njoo asubuhi ya mvua ya kwanza, kabla ya saa moja, usimame nasi darajani. Njoo bila msafara, barabara yetu ni nyembamba. Gambuti ninazo jozi mbili.

Wako,
Mkazi wa Rhonda, Nakuru